Shikamoo ya Mtani

1

Mzee Kiangi Mchome aliingia Kituo cha Ini pale Same akiwa na kofia mkononi na vumbi la upepo wa Same kwenye nyusi. Kabla mlango haujajifunga nyuma yake, Aikande Swai, msomaji wa jeni pale kituoni, alikuwa amekwisha kumpokea.

"Bado hujafa tu, wewe Mpare?"

"Nife halafu iweje? Nyinyi Wachaga mtakuja matangani na magunia ya kubebea makande."

"Makande yako nani anayataka? Tena hatutakuzika haraka. Tutakuwekea hati ya wito wa mahakama kifuani. Ukiona kesi, utaamka mwenyewe."

"Wewe hatutahangaika na hati. Tutaangusha sarafu moja jirani na jeneza. Ikilia tu, utaketi uulize ni ya nani."

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mama mmoja akashika mbavu. Ukutani, kile chombo kidogo cha duara walichokiita Mlinzi kiliwasha taa nyekundu, kikafikiri, kisha kikarudi kwenye kijani.

Mlinzi alikuwa na historia yake na watu hawa wawili. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kila neno lililosemwa kituoni, ili mtumishi asimdokeze mgonjwa jambo ambalo mgonjwa mwenyewe alikataa kuambiwa. Wiki za kwanza alipiga king'ora kila Aikande alipomwambia mzee kwamba atakufa. Ikabidi mafundi waitwe kutoka Moshi, wakae naye na kumfundisha utani wa Wachaga na Wapare, nani anaruhusiwa kumtukana nani, na kwamba kumtakia mtani wako kifo ni namna ya kumjulia hali. Tangu hapo Mlinzi akawa anawaacha, ingawa kila mara taa ile nyekundu ilimtoka kwanza, kama mgeni aliyesikia tusi mezani.

Mzee Kiangi alikuwa mkulima wa tangawizi huko Mbaga, na alikuwa mtu wa kesi. Husemwa Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mzee huyu alikuwa ameuza wawili. Aliwahi kumshitaki jirani kwa sababu mbuzi wake alipita shambani akitazama majani kwa nia mbaya. Aliwahi pia kumshitaki mwenye droni ya mvua kwa kumwagilia upande wa pili wa bonde kwanza. Kesi ya mbuzi alishindwa. Ya droni alishinda, na siku ile alirudi nyumbani akiimba ndani ya gari la kamba linaloning'inia hewani kutoka stesheni mpaka mlimani.

Sasa alikuwa na uvimbe kwenye ini. Mahindi yaliyolowa ghalani, yakaota ukungu, yakasagwa na kuliwa hivyo hivyo miaka ya ujana wake, yalikuwa yamemwekea sumukuvu kidogo kidogo. Sindano nyembamba ilikuwa imechukua kipande cha uvimbe kisichozidi punje ya ulezi, na leo alikuja kusaini.

Aikande alimwekea kioo mbele. Kioo kiliuliza maswali mawili tu, yale wanayoulizwa wote.

La kwanza: unataka kujua uvimbe wako unaelekea wapi? Mzee akabonyeza hapana bila kusita.

La pili: utafanyiwa upasuaji peke yake, au upasuaji na sindano za kunyamazisha uvimbe? Hapo akauliza, "Hizo sindano zinafanyaje?"

"Zinatapisha," Aikande alisema, maana hilo aliruhusiwa kulisema kwa kila mtu. "Zina homa, zinapukutisha nywele, na zinachukua miezi. Wengine zinawafaa sana. Wengine hawazihitaji kabisa."

"Basi mimi nikatwe nirudi kwenye tangawizi yangu." Akabonyeza upasuaji peke yake. "Una mpaka Ijumaa kubadili mawazo," kioo kikamwambia, naye akakijibu kwamba Mpare habadili mawazo, hukata rufaa.

2

Kaka yake Mzee Kiangi ndiye aliyekuwa sababu ya hapana ile.

Elinami Mchome alisomewa ini lake miaka ya mwanzo ya mashine za kusoma jeni, kabla ya sheria. Mashine ilimpa miaka miwili, na ilimwambia kwa sauti nzuri ya kike. Elinami alirudi Mbaga, akatoa kigoda nje, akaketi kuielekea barabara. Aligawa mbuzi, aligawa panga lake, aliacha kula. Mvua za vuli hazikumkuta. Daktari aliyekuja kumpima baada ya kifo alisema uvimbe ulikuwa bado mdogo. Watu kama Elinami walikuwa wengi nchini, ndipo Bunge likatunga Sheria ya Haki ya Kutojua: asiyetaka kuambiwa asiambiwe, si kwa neno, si kwa dokezo, si kwa ishara, liwe baya au zuri. Mtumishi atakayevunja atanyang'anywa leseni.

Aikande aliiona sheria hiyo kuwa nzuri. Aliwahi hata kuitetea kwenye sherehe ya ubatizo, mbele ya mjomba wake mwenye sauti kubwa.

Jioni hiyo aliweka kile kipande cha uvimbe ndani ya Kisikizi, mashine yao ya kusoma jeni, akavuta kiti.

Kila chembe hai ya mwili hubeba jeni zilezile, za ini na za jicho na za unyayo, zote pamoja. Tofauti ni zipi zinasema na zipi zimenyamaza. Aikande alipowafundisha wanafunzi aliwaambia ini ni kikao cha ukoo: wote wamehudhuria, lakini si wote wamepewa nafasi ya kuzungumza. Kwenye ini lenye afya, jeni za kuchuja sumu na kutengeneza protini za damu ndizo zinazoongea mchana kutwa, na zile za kukua na kugawanyika zimekaa nyuma kimya. Kwenye uvimbe, kikao huharibika. Kisikizi kazi yake ni kusikiliza nani anasema na kwa sauti kiasi gani, jeni baada ya jeni, kisha kulinganisha makelele hayo na ya maelfu ya wagonjwa waliotangulia. Kwa hayo hujua kama uvimbe huu ukishakatwa utatulia, au ni ule wa kurudi.

Wa Mzee Kiangi ulikuwa wa kurudi. Jeni za kugawanyika zilikuwa zinapiga kelele zote kwa pamoja. Zile zinazoifungulia chembe njia ya kuhama zilikuwa zimeamka. Zile za kazi halisi ya ini hazikusikika kabisa. Akikatwa tu na kwenda nyumbani, hatavuna tangawizi mara mbili. Akikatwa na kupigwa sindano, wengi wenye kelele kama hizo walikuwa bado hai, wanalima na kugombana na majirani.

Aikande alizima kioo, akakaa.

Angemwambia achukue sindano, kwa neno moja tu. Lakini neno hilo lilikuwa lilelile lililomweka Elinami kwenye kigoda. Nani alimhakikishia kwamba mdogo mtu hatatoa kigoda hichohicho? Na mzee mwenyewe alisema hapana, kwa kidole chake, akiwa na akili timamu. Kwa upande wa pili, hapana ile aliisema mtu asiyejua anachokikataa. Aikande aliligeuza jambo huku na huku mpaka chai ikapoa. Leseni aliiwaza pia, tusimpake mafuta. Alikuwa na wazazi Machame na mdogo wake chuoni. Lakini kilichomkaba zaidi kilikuwa kigoda.

Mwisho akaamua kufuata sheria. Atanyamaza. Atamhudumia mzee vizuri, kwa upole, na hatamdokeza chochote.

3

Siku iliyofuata Mzee Kiangi alikuja kupimwa damu. Alisukuma mlango akiwa amekwisha kuandaa tusi lake, ameliandaa njia nzima kwenye gari la kamba, lilihusu Wachaga na mbege, pombe yao ya ndizi. Akasimama katikati ya chumba, akingoja aanzwe.

Aikande aliinuka kwenye kiti.

"Shikamoo, baba," alisema. "Karibu ukae. Pole na safari."

Mzee alitazama nyuma yake kuona ni baba gani aliyeingia.

"Umesemaje?"

"Nimesema shikamoo, baba. Umeamkaje? Nikuletee maji?"

Mlinzi alikuwa kijani tupu. Kwa mara ya kwanza tangu afungwe ukutani alisema kwa sauti, akiwa amefurahi kweli: "Asanteni kwa lugha ya staha."

Mzee Kiangi alimkazia macho binti huyu wa Kichaga. Binti huyu alimtukana siku mkewe alipolazwa. Alimtukana kwa simu siku ya Krismasi akiwa kwao Machame, na nyuma yake shangazi zake wakaongezea. Mtani hamwachi mtani wake hata msibani. Ndipo hasa anapozidisha. Kuna mtu mmoja tu ambaye hata mtani humheshimu, naye ni yule ambaye hakuna tena la kumwambia.

"Marahaba," alijibu polepole, na neno lenyewe lilimtoka kwa taabu maana hakuwahi kulihitaji mbele ya binti huyu.

Akavaa kofia, akatoka bila kupimwa damu.

Aikande alibaki ameshika glasi ya maji. Ilimchukua muda kuelewa alichokifanya, na alipoelewa aliketi sakafuni palepale, mbele ya wagonjwa, akajifunika uso kwa kitenge. Mlinzi akauliza kama kuna anayehitaji msaada.

Jioni mke wa mzee, Mama Navo, alipiga simu.

"Mwanangu, mzee amerudi hasemi. Ametoa kile kigoda cha marehemu nje, amekalia."

"Amekula?"

"Makande yamepoa. Mmemwambia nini huko?"

"Hatujamwambia kitu, mama," Aikande alisema, na ulikuwa ukweli mtupu usiomsaidia mtu yeyote. Alikata simu akalia. Alilia kama mtoto aliyevunja chungu cha watu.

4

Alhamisi saa nne asubuhi, saa ya mkononi ya Aikande ilitetema. Hati ya wito. Mlalamikaji: Kiangi Mchome wa Mbaga. Mlalamikiwa: Aikande Swai, msomaji wa jeni. Kosa: kumtaarifu mlalamikaji hali yake kinyume cha Sheria ya Haki ya Kutojua, kwa njia ya heshima.

Aliisoma mara tatu. Kabla hajamaliza ya tatu, taarifa nyingine iliingia kwenye mfumo wa kituo. Mgonjwa Mchome amebadili uamuzi. Upasuaji na sindano.

Simu ikalia. Alikuwa Mama Navo, na safari hii alikuwa anacheka mpaka maneno yanakatika.

"Aikande! Kumbe pale kwenye kigoda alikuwa anatunga mashitaka! Usiku kucha anafikiria vifungu. Asubuhi amekula sahani mbili. Namuuliza, na hizo sindano je, si ulizikataa? Ananiambia, mke wangu, kesi hii itachukua muda, na kesi haiendi bila mlalamikaji. Lazima niwepo."

"Mama," Aikande alisema, "mwambie nitampinga mpaka mahakama ya juu."

"Nimweleze hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mwambie nimeshapata wakili."

Hakuwa na wakili. Lakini alijua maneno hayo yangemshibisha mzee kuliko makande.

5

Mzee alikatwa, akapona jeraha. Sindano zikaanza, nazo zilikuwa kama zilivyosemwa. Alitapika, alitetemeka, nywele zikapukutika na nyusi nazo zikazifuata. Alipigwa sindano hizo Moshi, kwa sababu mlalamikaji na mlalamikiwa hawaruhusiwi kukutana kabla ya shauri, na kila wiki alimpigia karani wa Baraza la Tiba kuuliza kama tarehe imepangwa. Kipande kingine cha ini lake kililetwa Same kusomwa, maana Kisikizi cha karibu kilikuwa kimoja tu na msomaji wake alikuwa mmoja tu. Majibu yalitoka asubuhi ileile ya shauri.

Aikande aliyasoma akiwa amesimama, mkoba begani. Akayasoma tena. Zile jeni za kelele zilikuwa zimenyamaza, isipokuwa mbili tatu zilizokuwa zikinung'unika mbali. Zile za kazi zilikuwa zimerudi kwenye mazungumzo. Sindano zilizobaki zikimalizika, mambo yangekuwa mazuri kabisa.

Na hilo nalo hakuruhusiwa kulisema.

Ukumbi wa Baraza ulijaa. Wapare waliteremka kutoka Mbaga kwa gari la kamba. Wachaga walikuja kutoka Machame na vyakula, kana kwamba ni harusi. Hakimu, Bi Maimuna Faki, alikuwa mtu wa Pemba, mgeni kabisa katika ugomvi wa milima hii miwili. Aliagiza sauti za Mlinzi zichezwe. Ukumbi ukasikia: shikamoo, baba. Karibu ukae. Pole na safari. Asanteni kwa lugha ya staha.

Bi Maimuna akavua miwani. "Mzee wangu, mimi nasikia mtoto mwenye malezi. Kosa li wapi hapo?"

"Hapohapo, mheshimiwa," alisema Mzee Kiangi, kichwa chake kikimeremeta. "Huyu ni mtani wangu. Miaka yote ananitukana. Siku moja anasoma ini langu, kesho yake ananiamkia. Mimi si mjinga. Angenitukana kama kawaida, ningekuwa sijui chochote mpaka leo, kama nilivyoomba."

"Kwa hiyo unamshitaki kwa adabu."

"Ndiyo. Tena adabu kubwa mno."

Ukumbi uliangua kicheko, Wachaga wakipiga meza. Hakimu alisubiri watulie, kisha akamgeukia Aikande.

"Binti, rekodi inakusafisha. Hakuna neno, hakuna dokezo ambalo chombo kimelinasa. Linabaki swali moja, na jibu unalo wewe peke yako. Siku ile, ulimwamkia mzee huyu kwa sababu ya ulichokisoma?"

Mlango ulikuwa wazi, ni kupita tu. Hapana, mheshimiwa, kichwa kiliniuma siku ile. Angerudi na leseni yake mfukoni. Lakini Aikande alimtazama mzee pale mbele, asiye na nyusi, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na akaona hapana ile itakakokwenda. Ataiamini. Atasema, kumbe nilijitesa bure, na zile sindano zilizobaki ataziacha. Angekuwa amejiokoa yeye na kumuua mtani wake kwa uongo mdogo. Kusema ndiyo kulikuwa kuvunja sheria mara ya pili, mbele ya hakimu. Aliona afadhali aivunje kwa ukweli.

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema. "Niliogopa. Nilikuwa nimedhamiria nisimwambie kitu, na nilisahau kwamba kumtukana ndiko kunyamaza kwangu. Nilimheshimu. Ni kosa langu."

Mama Navo aliguna kwa huruma. Bi Maimuna aliandika.

"Sheria haina kona," alisema hatimaye. "Ishara ni ishara. Umekiri, na adhabu yake ni leseni. Isipokuwa mlalamikaji asamehe, shauri likafutwa hapahapa. Mzee Mchome, unamsamehe?"

"Kusamehe?" Mzee Kiangi aligeuka kuwatazama Wapare wenzake, kama mtu aliyeombwa kuuza shamba la babu. "Mheshimiwa, nimetoka Mbaga."

"Basi nitoe hukumu."

"La, usitoe! Naomba ahirisho."

"Ahirisho la nini? Mlalamikiwa amekiri."

"Shahidi wangu mkuu hayuko tayari."

"Shahidi gani?"

"Ini langu, mheshimiwa. Ndilo lililosomwa. Haki haiwezi kutendeka bila lenyewe kuwepo, na sasa hivi linatibiwa. Naomba shauri liahirishwe mpaka lipone kabisa. Na hukumu isitoke, na leseni ya binti isiguswe, mpaka hapo."

Bi Maimuna alifunua sheria, akaifunua tena. Kisha akajikohoza kuficha tabasamu.

"Na likishapona?"

"Nitaomba ahirisho lingine," alisema mzee. "Nina haki ya kufuatilia kesi yangu mpaka uzee."

"Una umri gani?"

"Huo siyo uzee, mheshimiwa. Huo ni mwanzo wa rufaa."

Nyundo ikagonga. Shauri likaahirishwa.

Nje, kwenye korido, watu walikuwa wanagawana maandazi na kugombania viti. Mzee Kiangi alimkuta Aikande karibu na dirisha la karani. Hakuuliza kitu. Alikuwa amesema hataki kujua, na Mpare akishasema amesema. Alisimama tu, kofia mkononi, kama alivyosimama siku ile katikati ya chumba akingoja aanzwe.

Juu ya dirisha Mlinzi wa Baraza alikuwa anasikiliza.

Aikande alivuta pumzi mpaka kitenge kikambana.

"Wewe Mpare bahili!" alipaza sauti, korido nzima ikageuka. "Umenyoa mpaka nyusi ili kinyozi asipate hata senti? Ondoka hapo, umeziba njia na kichwa kama kibuyu! Na lile kaburi nililokuchagulia usilitegemee tena. Tumempa mwingine, mwenye adabu ya kufa!"

Mzee hakucheka mara moja. Kwanza uso ulitulia, halafu midomo ikaanza kutetemeka, halafu machozi yakamtoka na hakujaribu kuyafuta. Ndipo kicheko kikaja, kikubwa, kikampinda akashika ukuta. Mama Navo alikuja mbio akidhani ameanguka.

Taa ya Mlinzi iliwaka nyekundu, ikafikiri, ikarudi kijani.

Mzee Kiangi alijinyoosha, akapangusa uso kwa kofia, akabisha kwenye dirisha kwa ngumi.

"Karani! Lete karatasi nyingine. Nina shitaka la pili, dhidi ya Mchaga huyuhuyu."

"Safari hii amefanya nini, mzee?"

"Hujamsikia? Kanitukana," alisema, sauti ikimkatika kwa furaha. "Andika. Na weka tarehe ya mbali."